Neno Aliloandika Kaka

Chumba cha nyuma,
jirani na kiwanda cha sabuni,
tarehe 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na baridi ya huko, imepungua? Huku tu wazima. Mwanangu ameota jino la tatu, ananing'ata huku anacheka.

Mjomba, moyo wangu umevunjika. Kaka aliichukua cherehani ya marehemu Mama akisema anakwenda kuibadilisha mkanda tu. Hii wiki ya sita iko chumbani kwake. Nikiidai ananiambia, "We Kasuku, kelele tele, kushona hujui!" Na kushona ndiko kunakonilisha mimi na mtoto.

Wazee wa ukoo walitaka kila mmoja wetu aandike cherehani ni yake kwa vipi. Kaka akaandika: "Cherehani hii nimejimilikisha tangu Mama yu hai." Alitaka kusema amemilikishwa. Mimi na kisomo changu kidogo sikuona tofauti, nikaunakili mstari huo, nikampelekea mwalimu wa darasa letu la watu wazima.

Akasema neno milki tumelipata kwa Waarabu, ni kitu kilicho mkononi mwa mwenyewe. Kumilikisha ni kumpa mwenzio kiwe chake. "Lakini ukitia hiyo 'ji', mama, hukupewa na mtu. Umejipa." Darasa zima likaangua kicheko: "Kajishtaki mwenyewe huyo!"

Wao walicheka, mimi nililia. Kaka huyo ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha. Leo tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Kaka anasema kalamu iliteleza. Wazee wanakungoja wewe, maana siku Mama alipotamka cherehani iwe ya nani, kando ya kitanda tulikuwa wewe na mimi tu.

Kaka akiishonea mchana, mwanangu anausikia mlio wa cherehani ukutani. Anatambaa, anaupiga ukuta kwa kiganja, kisha ananigeukia.

Mjomba, waandikie wazee yale uliyoyasikia, usiongeze hata nukta kwa kunihurumia. Kisha mwandikie na Kaka mstari mmoja. Mwambie akiirudisha sitamcheka, wala neno lile sitalitaja tena. Bado naamini atairudisha.

Msalimie sana mkeo, na wale pacha wako watundu. Mungu akupe afya na miaka ya kutosha umwone mjukuu wako huyu akitembea.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kama baba,

Kasuku