Mshumaa wa Radi

Milwaukee, 9 Februari 1988

Mama,
Shikamoo. Hujambo, na ng'ombe wako hawajambo? Sisi tupo. Mjukuu wako Jadzia leo kanywa supu ya shayiri, kaimaliza.

Ile saratani ya damu imetulia, kwa hiyo jana wamemtoa uboho kwenye mifupa ya nyonga. Wanautia rangi ya pinki inayozing'ang'ania seli za ugonjwa kuliko zile nzima, kisha wanaumulika kwa taa kali. Mwanga ukiikuta rangi, seli mbaya zinakufa. Halafu wanaugandisha. Yeye atapewa dawa kali za kufagia ugonjwa uliobaki mwilini, ndipo arudishiwe uboho wake.

Kamuuliza daktari, "Nitakojoa pinki?"

"Hapana, bibi mdogo, rangi tutaisuuza kwanza."

Kanuna! Miaka mitano, lakini kununa anajua.

Usilie, Mama. Niombee usingizi.

Binti yako,
Danuta

Kijiji cha Polonia, 20 Februari

Danuta mwanangu,
Huku wazima, ila magoti. Nakutumia mshumaa wetu wa radi, padri kaubariki upya mwezi huu. Uwashe karibu na kitanda. Taa za madaktari sizikatai, lakini na yetu iwepo.

Mama yako

Milwaukee, 3 Machi

Shikamoo Mama. Magoti yanaendeleaje?

Mshumaa nimeurudisha, usinikasirikie. Najua tunauwasha radi zikipiga. Lakini ndio huo huo tuliomshikisha Baba alipokuwa anakata roho, na Jadzia alikuwa mlangoni, anaona. Sitaki auone humu. Tena moto ni marufuku, kuna oksijeni.

Uboho karudishiwa Jumatatu. Tunangoja ushike, uanze kutengeneza damu mpya.

Danuta

Kijiji cha Polonia, 12 Machi

Mwanangu,
Mshumaa umefika. Nimeuweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza. Una kichwa kigumu kama marehemu baba yako, ila safari hii haki ni yako.

Damu yake inasemaje? Mbona kimya? Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

Milwaukee, 30 Machi

Mama,
Simu nimeinua mara mbili, nikairudisha. Uboho haukushika. Sasa na mapafu yameingiliwa na maambukizi. Daktari alikuja akakaa tu pale kitandani, akimshika mguu.

Jana Jadzia kaniuliza, "Ule mshumaa wa Babu uko wapi?" Nikajifanya nakunja shuka. Akarudia, "Mama, uko wapi?"

Ukipata barua hii, panda basi la kwanza, jioni utakuwa hapa. Uje nao. Kuuwasha hawaruhusu, nimeshauliza. Ataushika hivyo hivyo.

Danuta