Ekzosi ya Kushoto

Mnero, 3 Juni 2024

Kwa mke wangu mdogo Hajra,

Salamu zikukute mzima. Mimi pia mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayajawahi kukubaliana nami jambo lolote. Shangazi yako Zuhra hajambo. Ananipikia uji usio na chumvi, anasema daktari kaagiza. Huyo daktari sijawahi kumwona.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nasikia upepo tu. Miaka thelathini juu ya pikipiki ya bruda imekula masikio yangu. Ndiyo hiyo hiyo, kubwa ya safari ndefu yenye masanduku pembeni, aliyoniachia alipoondoka misheni kurudi kwao. Wewe unauza spea huko Ruangwa, basi nitafutie ekzosi zake mbili, ya kulia na ya kushoto. Hizi zimetoboka. Nikiiwasha, kuku wa Zuhra wanahamia kata ya pili.

Nataka kwenda Chinongwe kumsomea bibi yako dua, na haifai kufika makaburini na kelele hizo. Alipokuwa hai alisema hapandi tena mpaka kile kitu kinyamaze. Nimechelewa kumtii, lakini natii.

Barua hii anaileta Eustace wa lori la ufuta. Usimpe chai, atakaa.

Mumeo mzee,
Babu

*

Ruangwa, 14 Juni 2024

Mume wangu mzee Adinani, shikamoo.

Mimi mzima, ila vumbi la hapa naliona hadi ndani ya kikombe. Magoti yape pole zangu. Eustace alikunywa vikombe vitatu.

Ekzosi hizo hapo. Zimetoka Dar, zilivuliwa kwenye pikipiki ya aina hiyo hiyo, lakini hazina tundu, nimezipuliza mwenyewe. Anza na ya kushoto. Nati zenye kutu zimwagie mafuta uziache mpaka kesho yake, ukizilazimisha zitakatika. Gasketi ya zamani tupa, weka mpya. Usikaze kitu mpaka vyote vimekaa mahali pake, halafu kaza kuanzia kwenye injini kwenda nyuma. Futa alama za vidole kabla hujawasha, grisi ikiungua pale haitoki tena.

Ukimaliza niambie nije nikuendeshe. Peke yako usithubutu, una miaka sabini na minane.

Mkeo mdogo,
Hajra

*

Mnero, 27 Juni 2024

Mke wangu mdogo,

Habari za huko? Za hapa ni uji.

Ekzosi ya kushoto imetoka. Nati tatu zilikubali, ya nne ilibishana nami siku mbili kama shahidi wa kesi ya mpaka wa shamba. Zuhra analalamika kwamba nakaa uani juani bila kufanya kitu. Nimemwambia fundi hakai, anafikiri. Mpya imeingia. Nilifuta alama za vidole kama ulivyosema, nikauona uso wangu humo, nikaacha kufuta.

Kesho naanza ya kulia.

Mumeo mzee,
Babu

*

Mnero, 11 Julai 2024

Mke wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nyumba ni kubwa.

Leo nimefungua ekzosi ya kushoto. Nati zimetoka kirahisi ajabu, utadhani zilifungwa jana. Nimekaa nikawaza. Najua kwa nini ulinuna ukaenda kwenu Chinongwe. Sikulaumu. Ulisema kelele, ulisema tena, nami nikajifanya fundi asiyekosolewa. Kaka zako bado wana hasira? Ukikubali nije kukuchukua, niambie.

Mumeo

*

Ruangwa, 15 Julai 2024

Mume wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti. Wateja wamecheka, mmoja kaondoka bila plagi aliyoijia.

Ndiyo, nimenuna. Niko kwetu, mzigo nimeshafunga. Njoo unichukue, lakini kwa pikipiki iliyonyamaza, la sivyo kaka zangu watakurudisha Mnero kwa miguu.

Ila babu, ya kushoto si uliimaliza mwezi uliopita? Au umeandika kushoto ukimaanisha kulia?

Mkeo aliyenuna,
Hajra

*

Mnero, 21 Julai 2024

Mama Zuhra,

Salamu kwako na kwa kaka zako. Barua yako imenilaza usingizi ambao sijaupata siku nyingi.

Nakuja Ijumaa. Ekzosi ya kushoto nimeifungua leo. Ya kulia nitaiacha kama ilivyo, upande mmoja ukinyamaza si haba. Nimemwambia Zuhra afagie chumba, mama yake anarudi. Badala ya kushika ufagio ametoka nje analia. Huyu mtoto umemlea wewe, mimi simo.

Waambie kaka zako nakuja na doti mbili za kanga na kichwa nimekiinamisha.

Baba Zuhra

*

Ruangwa, 22 Julai 2024

Babu yangu, shikamoo.

Mimi ni Hajra mjukuu wako, mtoto wa Rahimu. Nakuomba soma polepole.

Shangazi amenipigia simu. Anasema ekzosi ile ile mpya unaifungua na kuifunga, huu ni mwezi sasa, na ya kulia hujaigusa. Mimi nilidhani unatania. Mababu wote wanatuita wake zao. Ningejuaje siku uliyoacha kutania? Nikakujibu kwa utani, njoo unichukue. Nisamehe, babu.

Bibi alifariki mwaka 2019. Tulimzika Chinongwe kwa mama zake. Ulishuka kaburini wewe mwenyewe kumpokea. Mimi nilipewa tu jina lake. Huku hakuna wa kuja kumchukua, na pikipiki usiipande.

Mjukuu wako,
Hajra

*

Mnero, 24 Julai 2024

Mjukuu wangu Hajra,

Barua yako ya msiba nimeipata mchana huu. Inna lillahi. Hakuna mtu aliyefunga safari kuja kuniambia. Nimeletewa kwa karatasi, kama tangazo la mnada wa ufuta. Na juzi tu kaniandikia kwamba mzigo ameshafunga.

Waambie ndugu zake wasizike mpaka nifike. Zuhra amenishika mkono, anasema msiba huu ni wa zamani. Uchungu umemchanganya, maskini. Alfajiri nafunga ekzosi, kukipambazuka natoka.

Niambie jambo moja tu. Aliniulizia?

Babu yako

*

Ruangwa, 24 Julai 2024, jioni

Baba Zuhra,

Barua yako Eustace ameileta sasa hivi. Nimemsimamisha, injini inaunguruma, arudi nayo hii usiku huu huu.

Mimi mzima. Habari uliyopata si ya kweli, mtoto alikosea. Usije. Hasira zangu zimekwisha, na kaka zangu hawana neno nawe. Nimebaki huku kuwasaidia kuvuna mbaazi. Zikiisha nitakuja mwenyewe, huna haja ya kunifuata.

Pikipiki iache ilale. Ufunguo mpe Zuhra, mpe leo. Akikuwekea chakula, kula. Ukikaa uani, kaa kivulini.

Kila siku nakuulizia.

Mkeo,
Mama Zuhra

*

Mnero, 19 Agosti 2024

Mama Zuhra,

Salamu nyingi. Barua zako zote nimezipata, hii ya jana ni ya nne. Nimefurahi mbaazi zimekubali. Mimi mzima. Ufunguo anao Zuhra, anauficha ndani ya pipa la unga akidhani sijui. Mwandiko wako nao umenyooka sana. Kumbe walimu wa kisomo cha watu wazima hawakula mshahara wa bure.

Nina jambo linanisumbua. Ni kuhusu huyu somo yako, mjukuu wetu Hajra. Aliniandikia kwamba umekufa. Nilimkasirikia, nikamkataza Zuhra asinitajie jina lake. Sasa hasira imekwisha. Ni mtoto, alisikia vibaya, na hakuna aliyewahi kunieleza habari za nati vizuri kama yeye. Alikuwa akinichekesha.

Tangu siku ile haandiki. Lori likipita nasimama barabarani. Eustace ananipa barua yako, nashukuru, kisha namuuliza, na ya mtoto? Anainama kukagua matairi.

Wewe uko naye jirani huko. Ukimwona mwambie babu yake hana kinyongo naye. Aniandikie hata mistari miwili.

Mumeo,
Baba Zuhra