Jibu la Ubishi Wako na Waiyego

Eldoret,
Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, goti limepunguza maumivu, na mahindi ya nyuma ya nyumba hayajaingiliwa tena na ng'ombe wa jirani. Mimi huku mjini ni mzima, nakula vizuri, na baridi ya asubuhi ni ile ile unayoijua. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka kwa sauti ya juu ukiwa sokoni, na kuna jambo hapa ambalo si la kusikizwa na Cheptiret nzima. Nimempa dereva wa gari la maziwa akukabidhi mkononi.

Wiki iliyopita uliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye ninayefanya kazi na kundi la mieleka la Omar, ni pigo la mwisho la nani lililo bora. Ulisema wewe na Waiyego, jirani yako muuza kabichi, mmefika mahali pa kunyimana salamu kwa ajili ya ubishi huo. Wewe unashikilia Kipchumba, naye anamtetea Kevin. Basi pokea jibu langu, Mama, na unisamehe: nyote wawili mmepotea.

Nianze na huyo Kipchumba wako unayemwombea hadi kanisani. Pigo lake la mwisho, lile la kuruka kutoka juu ya kamba, ni upuuzi mtupu. Kwanza anapanda kwa taabu, maana anaogopa urefu, ingawa hawezi kukubali. Akifika juu anainua mikono, anafunga macho kama anayesali, anaonyesha kidole pande zote nne za ukumbi, kisha anapangusa kaptura. Muda huo wote mwenzake amelala pale chini akimngoja. Mtu mwenye akili timamu angekuwa ameshainuka, akaenda kununua maziwa na kurudi. Halafu akiruka haangalii anapotua. Mara nyingi ni yule aliyelala ndiye hujisogeza polepole kwa mgongo ili huyo bingwa asianguke kwenye mbao tupu. Watu wanampigia makofi Kipchumba. Hakuna anayeuliza ni nani aliyemwokoa.

Huyo Kevin wa Waiyego ni aibu zaidi. Anamshika mtu paji la uso kwa vidole vitano, na mtu mzima aliyeshiba ugali anazimia. Niliwahi kumwuliza hivi kichwani kuna kitufe gani anachobonyeza, akanijibu kwamba mimi sielewi sanaa. Vidole vyenyewe ni laini, hajawahi kushika jembe.

Abdirahman, mwanamieleka wetu wa tatu, nitamhurumia kidogo. Yeye anakuja mbio na tumbo lake, anakugonga, basi. Hilo ni pigo la mtu mkweli. Lakini amelichezea hadi limekufa, kwa sababu analipiga mara tatu katika pambano moja na mwenzake anainuka mara mbili za kwanza. Sasa hilo ni la mwisho kwa maana gani? Pigo ambalo mtu ameinuka kutoka kwake ni salamu tu. Omar ameambiwa hayo, na Omar, kwa vile anajua biashara yake ya malori kuliko mieleka, alisema tuongeze muziki.

Samahani kwa jambo hili lingine, maana najua uliwahi kumfukuza mteja kibandani kwa kulisema. Mshindi hupangwa mapema, Mama. Maumivu ndiyo hayapangwi. Ndiyo maana nawadharau hawa mabingwa wanaojifunza kuruka na hawajifunzi kumlinda mtu wanayemrukia. Pigo bora ni fupi. Linaweza kutoka popote, bila sala na bila kaptura kupanguswa. Watu wanasimama kabla halijafika, na likifika hakuna anayedai kurudishiwa kiingilio. Zaidi ya yote hutengenezwa na anayepigwa. Asipoanguka vizuri, hata nyundo itaonekana ni mchezo wa watoto. Lakini wewe na Waiyego, tangu mwanzo, hamjawahi kumtazama anayeanguka.

Katika kazi hii nimeona pigo moja tu la kiwango hicho, na halikupigwa na Kipchumba wala Kevin.

Lilikuwa pale pale Cheptiret, siku ile ulingo ulipowekwa kando ya soko. Unamkumbuka Fisi, yule mwovu mwenye kinyago cha madoadoa ambaye hupigwa na kila mtu. Kazi ya Fisi ni kuchukiwa, na kila anapokwenda hutoka ulingoni, akachukua mali ya mama mmoja na kuila mbele yake ili watu wamzomee. Siku hiyo alichukua kabichi ya Waiyego, akaing'ata. Waiyego akapiga mayowe. Ndipo mama wa kibanda cha pili, cha vitunguu, akainuka na mwavuli uliofungwa. Hakutangaza chochote, hakuonyesha kidole popote, alimshushia Fisi pigo moja kwenye bega la kushoto, na Fisi akalala chini. Refa mwenyewe alisahau mpango akahesabu tatu akiwa amening'inia kwenye kamba. Soko zima liliruka. Hata Kipchumba alipiga makofi, na yeye ndiye aliyepaswa kushinda.

Ulinisimulia hayo kwa simu jioni ile hadi chaji yako ikaisha. Ulisema ulisikitika kwamba nilibaki Eldoret kulinda ukumbi nikakosa kuona. Ulisema unatumaini Fisi hakulala usiku huo.

Kweli sikulala, Mama. Nilijilaza ubavu mmoja, macho wazi, hadi asubuhi.

Fisi ni mimi. Niliposema kazi yangu ni kufunga na kufungua ulingo sikukudanganya, nafanya hayo pia. Lakini tangu mwaka jana mimi ndiye hulala chini Kipchumba akisali, na mimi ndiye hujisogeza ili asivunjike. Siku ile nilichukua kabichi ya Waiyego kwa sababu nilikuona umekaa, na sikuthubutu kugusa vitunguu vyako. Nilisahau kwamba wewe huwezi kutazama jirani akiibiwa. Pale chini nilikuwa na maumivu makali, na nilijawa na fahari kiasi kwamba nilishukuru kinyago kilinificha machozi.

Nimekuambia sasa kwa sababu Jumamosi ijayo tunarudi Cheptiret, na Fisi akishindwa atavuliwa kinyago mbele ya wote. Omar ameshapanga nishindwe. Wenzako wa kanisani waliomtemea Fisi mate watauona uso wangu, na nisingependa wewe uwe wa mwisho kujua kati yao. Naogopa, Mama. Siogopi mate yao. Naogopa utainamisha kichwa.

Kuna jambo lingine. Nilimwambia Omar kwamba kuvuliwa kinyago kwa pigo bovu la Kipchumba ni matusi kwa kazi yangu. Akaniambia basi nimtafute yule mama wa mwavuli, awe hapo mbele, amalize yeye. Hajui yule mama ni nani, nami sijamwambia. Usipotaka, nitamwambia sikumpata, na nitalala pale nimngoje huyo Kipchumba wako ashuke. Lakini ukija, uje ukijua unampiga nani, na safari hii umtazame anayeanguka.

Nisalimie wote nyumbani, na umwambie Waiyego, kuanzia Jumapili lakini, kwamba kabichi yake ilikuwa na mchanga. Kama utakuja, Mama, tafadhali lenga bega la kulia. La kushoto bado linauma.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Jeconia