Linamisi Likiwa na Mzigo

Jumatatu, 4 Machi

Leo tena! Katikati ya mlima, nyuma miche imejaa pomoni, pikapu ikaanza mambo yake. Inamisi: inakohoa, inakata, inaruka kama mtu mwenye kwikwi. Nikashusha gia — wapi! Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye nafanya naye kazi ya bustani, alikuwa nyuma amekumbatia miche. Akagonga kioo: "Wifi, tunapanda au tunashuka?"

Tulifika kwa taabu. Meneja wa zile nyumba mpya za juu kafura. Vibarua wake wamekaa bure asubuhi nzima, mashimo yamechimbwa, miti iko wapi? Kama siwezi niseme, wauza miche tuko wengi.

Kurudi sasa, gari tupu, limenyooka kama jipya. Halikukohoa hata mara moja. Mnafiki mkubwa!

Jumanne, 5 Machi

Gereji. Anayeendesha ni mimi. Aliyesikia ni mimi. Fundi anamsikiliza nani? Mume wangu, aliyekuja kunisindikiza tu!

Namwambia fundi linamisi likipanda mlima. Anamgeukia mume wangu: "Bosi, shemeji anakalia klachi, eh?" Wakacheka. Nami nimesimama pale pale katikati yao, si picha ya ukutani.

Akapiga resi hapo uani, injini ikaimba. Akabadilisha plagi zote. Akalizungusha mtaani, tambarare, gari tupu. Akarudi anajifuta mikono. "Safi."

Safi nini!

Jumatano, 6 Machi

Mlimani. Limemisi. Na plagi mpya.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi kabadilisha koili, kasafisha kabureta, kanitazama kama mtu aliyeletewa kesi ya kuku. Nikamwambia kwa adabu zote: basi tupakie mzigo, twende mlimani, utasikia mwenyewe. Akasema gereji yake si ya kubebea udongo.

Mume wangu akanivuta mkono pembeni, kama mtoto aliyemwaga chai mbele ya wageni. Nisimfundishe mtu kazi yake. Kumfundisha! Nimemwonyesha panapouma. Mgonjwa akisema tumbo linamuuma akishiba, daktari atampima akiwa na njaa?

Nimerudi nyumbani nimenuna mpaka mashavu yanauma.

Jumapili, 10 Machi

Sijui hata nianzie wapi.

Tunakula mchana. Mume wangu anajisafisha koo — nikajua kuna jambo. Anasema gari limechoka. Fundi ana mtu wake anayelitaka. Tumeamua liuzwe.

"Tumeamua nani na nani?"

"Mimi na fundi."

Yeye na fundi! Pikapu ile imetokana na miche. Miche niliyoipanda mimi, nikaimwagilia nikiwa na tumbo la miezi minane. Siku ya kulinunua nilikuwa nimelazwa, nimejifungua, ndiyo maana kadi ya gari ikaandikwa jina lake. Leo kadi imekuwa mdomo. Na miche itapandaje huko juu? Ati tutakodi. Tukodi gari la nani, kila siku, na mteja ndiye yule wa kufura?

Akamgeukia dada yake: wewe unapanda kila siku, hilo gari linamisi kweli au ni mguu wa wifi yako? Wifi akakodolea sahani. "Mimi hukaa nyuma, kaka. Nyuma kuna upepo."

Upepo! Na aliyegonga kioo alikuwa nani?

Baadaye tukiosha vyombo ananinong'oneza kwamba kaka yake akitafuna polepole vile humwogopa tangu utotoni. Nimesugua sufuria nusura niitoboe.

Jumanne, 12 Machi

Mnunuzi kaja kulijaribu. Tupu, tambarare. Nimesimama mlangoni naomba limisi, mara moja tu! Limeimba kama kwaya. Hata gari liko upande wao.

Atarudi Jumamosi kulichukua.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika humu humu ndani ya gari, daftari nimeliegemeza kwenye usukani.

Asubuhi tulikuwa na mzigo wa mwisho wa meneja. Nikamwambia mume wangu, wifi akisikia: kama mguu wangu ndio mbovu, leo weka wako. Akacheka, akakaa kwenye usukani. Tukapakia mpaka likachuchumaa, udongo umelowa, wifi juu ya magunia.

Mlimani likaanza. Na si kidogo! Yeye macho mbele. Namtazama. "Sijasikia kitu," akasema — na kofia imeshamteremkia puani kwa kurushwa! Wifi nyuma akapaza sauti: "Kaka, na huo ni mguu wa nani?"

Likataka kuzima. Akaegesha pembeni, akavuta hendibreki, wifi akaruka akaweka jiwe nyuma ya tairi. Nikafungua boneti, nikasimama ubavuni. Usizime, nikamwambia. Tia gia, hendibreki iache hivyo hivyo, achia klachi kidogo kidogo.

"Kanyaga!"

Injini ikainama. Nzima! Ikalala upande, kwa sababu mpira unaoishikilia upande ule umekatika kabisa. Ilipolala ikaburuta waya mmoja wa plagi mpaka kwenye chuma, na hapo, katika kivuli cha boneti, nikaona cheche ya buluu. Ta! Ta! Kila cheche, kikohozi. Akiacha kukanyaga, injini inakaa wima, waya unaachana na chuma, kimya. Ndiyo maana! Likiwa tupu haiinami. Pale uani haiinami. Waya wenyewe umechubuka hadi ndani, na watu wanabadilisha koili!

Nilipiga kigelegele peke yangu barabarani. Njoo uone! Hataki kushuka. Kaganda kwenye kiti. Mpaka wifi alipomfungulia mlango. Tukabadilishana, mimi kwenye pedali, yeye kwenye boneti. Nikakanyaga. Nikasikia "Ala!"

Nimeuvuta waya mbali na chuma, nimeufunga kwa ukanda wa mpira tunaofungia miche. Utatufikisha. Nimefunga boneti, nimerudi kwenye usukani, nikajaribu tena. Hata kwikwi!

Tungekuwa tumeshafika, ila bwana yuko mbele ya gari anampigia fundi simu, anakwenda huku na huku, mkono kiunoni. "Nimegundua ugonjwa wake," anasema. Nimegundua! "Nimeiona cheche kwa macho yangu haya." Wala hajanitazama.

Sasa anasikiliza. Anaitikia kwa kichwa.

Anasema: "Kweli kabisa, fundi, sasa ndiyo litauzika vizuri. Mwambie huyo mtu asingoje Jumamosi, aje hata leo jioni."

Nimesoma mstari huo mara mbili kuhakikisha ndivyo alivyosema. Ndivyo. Injini inanguruma chini ya miguu yangu, haikohoi.

Wifi kaja dirishani, kavuta mlango wa upande wa abiria, kakaa. Hajapanda nyuma. "Jiwe nimeshalitoa," anasema. "Yeye atembee."