Maji Chini ya Mchanga

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka, mayu, mama yangu. Huku Bariadi tu wazima. Pamba imeanza kupasuka, na babu yako bado anagombana na redio.

Unasema wenzako bwenini wameacha kukusalimia kwa ajili ya sala zako, na unauliza Mungu alikuwa wapi nilipotengwa mimi.

Mengine niyaache. Nilipobatizwa, baba yangu alikataza watu wasiniamkie. Hata "mwangaluka" ya asubuhi nilinyimwa. Kisimani nikafukuzwa. Basi nikawa nashuka mtoni peke yangu. Kilikuwa kiangazi, mto ni mchanga mtupu. Nilichimba kwa mikono, nikakaa kusubiri.

Maji yale hayana haraka, mayu. Kwanza mchanga unakuwa mweusi, kisha unang'aa, kisha unaona kipande cha mbingu kiko chini kinakutazama. Maneno ya kuomba nilikuwa nayakosa, naangalia tu. Siku moja nikawaza: maji haya yalikuwa yanapita hapa kabla sijafukuzwa.

Kiangazi kikazidi, kisima kikakauka. Asubuhi moja nikasikia nyayo nyuma yangu. Alikuwa baba, ameshika kibuyu.

"Mwangaluka, mayu," akasema.

Nikamsogezea kata. Alipoinama kuchota, uso wake ukatokea majini, kando ya wangu.

Ni mimi bibi yako, ninayekuamkia kila asubuhi hata usiposikia.