Zimwi Lenye Uso wa Mume Wangu

Shangazi Huhana mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimevurugikiwa na sijui tena lipi la kweli na lipi la mpira.

Mimi ni mjane wa hapa Petone, kazi yangu ni kutembeza wageni, asubuhi nawapeleka kwa basi hadi kilima ilikopigwa filamu ya vita vya mazimwi, nawaonyesha pango la malkia ambalo kusema kweli ni machimbo ya kokoto, kisha nawaleta kwenye karakana yanakotengenezwa mapanga, ngao na nyuso za bandia, na pale mwisho kuna meza yenye kichwa cha zimwi ambacho kila mtu anaruhusiwa kukishika, nami huwaambia, "Karibuni, msiogope, huyu ameshakula," wanacheka, wanapiga picha, na Shangazi, kichwa hicho kina uso wa mume wangu.

Usishtuke. Rewi alikuwa mmoja wa mazimwi wa filamu ile, wakampaka plasta wakachukua sura yake, wakaitoa kwa mpira na kuongeza pembe na meno, lakini kovu la kwenye nyusi ni lake, na pua aliyovunjwa kwenye raga ni yake. Alipokuwa hai tulikicheka pamoja, akiniambia, "Mereana, nikitangulia usilie, njoo kazini utanikuta." Mwaka jana moyo wake ukasimama, tukamzika kwao Otaki, nikarudi kazini, nikamkuta kweli.

Fundi aliyekitengeneza alishahama, wengine hawajui, nami sikusema. Kila asubuhi nawahi kabla ya wenzangu nikamsalimie, namweleza paa linavyovuja, kisha najiona mwendawazimu kwa kuongea na mpira, lakini nikitoka pale najikuta bombani nanyunyiza maji mikononi kama desturi yetu tukitoka makaburini, sasa kama ni mpira maji ya nini, na kama ni yeye, mbona namfanyia mzaha kutwa nzima?

Juzi mgeni mmoja alikiwekea skonzi utosini apige picha. Chakula, Shangazi, juu ya kichwa! Unajua mwenyewe kwetu kichwa ni kitakatifu, hakikutanishwi na chakula, hata kofia haiwekwi kwenye meza ya kulia. Nikaipokonya, nikapiga kelele, bosi wangu Fraser akanivuta pembeni.

"Mereana, vipi leo? Ule ni mpira tu, dada."

"Najua ni mpira."

"Basi kamwombe mgeni radhi."

Nikaomba. Jana usiku mama mkwe wangu, Mama Kuini, akanipigia simu kwa furaha, "Binti, tumekata tiketi! Jumamosi nakuja na wenzangu wa kwaya, nikaone kazi ya mkwe wangu." Hajui kama kichwa hicho kipo, kwa sababu Rewi alimficha, alikuwa akisema, "Mama akijua nimewapa watu kichwa changu wakichezee, atanichapa na utu uzima huu." Nikimwambia, atakichukua akakizike, nami nitakuwa mjane mara ya pili. Nikinyamaza, atamwona mwanawe na pembe, anapapaswa na watu asiowajua. Nimewaza kujifanya mgonjwa, nimewaza kukificha kabatini siku hiyo moja tu. Nifanyeje?

Mereana, Petone

Mereana binti yangu, pole sana. Barua yako imeniliza, kisha ikaniudhi, kwa hiyo vumilia vyote viwili.

Unaniuliza kama ni mpira au ni mumeo. Mikono yako ilishajibu pale bombani. Na huna wazimu. Sisi tunaongea na picha za marehemu ukutani, tunazibeba misibani, tunazilia, na hakuna anayetushangaa. Kuongea naye si kosa. Kosa ni ile "ameshakula" yako ya kila siku. Umemkaribisha mgeni wa watu, umemchekesha, kaweka skonzi, umemgeuka. Yeye angejuaje? Na Rewi naye, marehemu hasemwi vibaya, lakini alikuachia mzigo wa kitoto.

Kabati lisahau. Ugonjwa wa kujifanya usahau pia, kwa sababu kwaya nzima itakuja kukujulia hali. Leo hii washa gari uende Otaki. Usipige simu, habari hii ni ya ana kwa ana. Mwambie, "Mama, kazini kuna sura ya Rewi, na nimekuficha." Atakufokea. Mwache afoke. Unamwogopa kuliko zimwi lenyewe, lakini zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Kesho asubuhi mwambie Fraser ulichoniambia mimi, kwa ufupi: yule ni mume wangu. Alisema ni mpira tu kwa sababu hakuna aliyemweleza. Mwombe kitolewe kwenye meza ya kushikwashikwa kesho hiyohiyo, mazimwi wengine si wamejaa rafuni? Kama mtapewa mwende nacho, hilo ni la wenye karakana kuamua, kwa hiyo nendeni kuomba wewe na mama mkwe wako pamoja, na usije ukakitoa kimyakimya chini ya koti.

Unaogopa kuwa mjane mara ya pili. Binti, hata ile ya kwanza hujaimaliza, maana kila asubuhi unamkuta kazini.

Huenda Mama Kuini akataka kizikwe. Huenda akataka tu kuyashika yale mashavu na kulia. Hayo mtayaamua wawili. Lakini wewe umepata mwaka mzima wa kumsalimia, na mama aliyemzaa hajapata hata asubuhi moja. Nenda kamchukue mama huyo, aje amsalimie mwanawe.