Mieleka ya Mazinde

Sindeni, Handeni
4 Mei 1952

Mhina, mjukuu wangu, mume wangu,

Mimi mzima, ila mgongo na hasira. Wewe je, unakula? Mwalimu Salimu ananiandikia. Nimemwambia asipunguze neno.

Nasikia huko shambani umeangushwa mieleka na Yordani, yule mfupi, mkata mkonge mwenzako. Wewe! Sasa Mzee Rehani anatangazia kijiji kizima kwamba Hajira wake haolewi na mtu wa kulala chali mbele za watu. Na posa aliipokea mwenyewe, kwa mikono miwili! Ulikosea wapi?

Bibi yako

Mazinde, Korogwe
15 Mei 1952

Bibi, shikamoo.

Mimi sijambo, nakula. Mimi nashika kiuno, nanyanyua. Yordani haji juu hata kidogo. Anaingia chini kama panya buku, anatafuta mguu. Mara tatu nilimzuia. Ya nne nikamwona mama Hajira kati ya watazamaji, kumbe amekuja kumtembelea dada yake. Nimkazie macho mkwe wangu, nami nimevaa kaptura tu? Nikageuza uso. Uzito ukabaki mguu mmoja, Yordani akauzoa. Basi.

Tutarudiana Idi Mosi. Bibi, namtaka Hajira.

Mjukuu wako

Sindeni
1 Juni 1952

Mume wangu,

Salamu nyingi. Nilifika kwa Rehani hata uso sijanawa. Nikamwambia, "Mtoto ameanguka kwa kumheshimu mkeo, nawe unamwita mlegevu? Ulitaka amtumbulie macho?" Mkewe Mwanaidi akajiziba kanga asicheke. Rehani ati, "Idi nitakwenda nikajionee." Utadhani ananunua ng'ombe!

Sikia. Babu yako alipigana mieleka miaka mingi, nami nilikuwa natazama. Usikimbilie kiuno. Mguu mmoja nyuma, mwache aingie. Akiinamisha kichwa, mlalie shingoni kwa kifua chote. Mwanaidi nimemwambia abaki nyumbani.

Bibi yako

Mazinde
25 Juni 1952

Bibi, shikamoo. Idi njema.

Nilimlalia kama ulivyosema. Akachoka kubeba, akatanguliza mkono chini ajishike. Kosa hilo moja tu. Nikamgeuza, mgongo chini.

Mzee Rehani akaja mbio, mkono mbele: "Mkwe wangu!" Nami nikasema, "Na juzi nilikuwa nani?" Watu wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka. Aliondoka hata pilau hakuonja.

Nilikusemea, Bibi.

Mjukuu wako

Sindeni
3 Julai 1952

Mhina,

Salamu baadaye. Mpumbavu wewe! Nani alikutuma unisemee? Kumtukana Rehani ni kazi yangu mimi kikongwe, ameshazoea. Kazi yako ilikuwa kupokea ule mkono. Yordani yuko chini, mieleka imekwisha, wewe bado unapigana na nani?

Rehani hataki kuisikia tena posa. Hajira hatoki ndani. Na maneno yale, ole wangu, uliyatoa kinywani mwangu.

Kwa hiyo tangu alfajiri nimekaa mlangoni kwa Rehani. "Inuka, mama, unanitia aibu," ananiambia. Nikamjibu siinuki mpaka yule mjinga aje aombe radhi kwa mdomo uleule. Mwanaidi ameniletea mkeka na uji. Mwalimu Salimu anaandika hapa hapa, amechutama.

Barua inakuja na dereva wa lori. Panda treni hadi Korogwe, huko kwingine tembea. Jua linawaka na mimi siinuki.

Bibi yako